King'amuzi hakifi wadau, kinahama tu

Panda ghorofa lolote Arusha mjini uangalie mabati ya watu, utajua nani analipia nini bila kumuuliza mtu. Dishi lililolala karibu chali linaangalia juu, hilo ni la DStv, sababu satelaiti yao iko nyuzi 36 mashariki na sisi huku Chuga tuko nyuzi 36 na kitu, yani iko utosini kabisa. Lililoinama kuelekea magharibi, kule upande wa Monduli, hilo Azam, wao wako nyuzi 7 mashariki. Alafu kuna zile antena za kawaida zinazofuata mnara wa karibu, za StarTimes na wenzake. Na kuna nyumba ina vyote vitatu, ukiingia sebuleni unakuta ving'amuzi vimepandana chini ya TV, rimoti zimejaa mezani na moja lazima imefungwa rababendi kushikilia betri.

Sa hivi maneno ya kitaa ni kwamba hayo yote yanakwisha, eti smati TV na bando vimeua king'amuzi. Mi sikubaliani. Boksi lenyewe kweli linaondoka taratibu, lakini ile kazi yake haijaenda popote, imehamia sehemu ambayo huioni, na hapo ndo penye wasiwasi wangu. Wengi tunaamini king'amuzi kinaleta picha. Picha inaletwa na dishi, boksi linaitafsiri sawa, ila kilichofanya liwe na kadi na namba na akaunti ni kazi nyingine kabisa, kuamua wewe uone au usione.

Zamani hiyo kazi haikuwepo. Bara tulichelewa sana TV, wenzetu Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi mpaka 1994 ndo zinakuja ITV, DTV na CTN, televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Unanunua TV chogo, unapandisha antena kwenye mti au bomba refu, mtoto anatumwa nje kuizungusha huku walio ndani wanapiga kelele "hapo hapo, ah umepitiliza!" Ukipata umepata. Waliokaa nyuma ya kilima, na ukijua miteremko ya Meru na Kilimanjaro ilivyo na makorongo, unajua nawazungumzia watu wengi tu, hao walikuwa wanaona chengachenga na sauti ya mvua. Lakini kituo hakikuwa na njia ya kujua nani anaangalia wala ya kumkata mtu mmoja akabaki jirani yake. Pesa ilitoka kwenye matangazo, basi.

Hata Marekani maboksi ya kwanza juu ya TV yalikuwa ya kusaidia tu. TV nyingi za zamani hazikuwa na uwezo wa kushika masafa ya UHF, mtu ananunua kiboksi cha kubadilisha, mpaka Bunge lao likapitisha sheria mwaka 1962 ya kulazimisha TV mpya ziwe na uwezo huo ndani kwa ndani. Zikaja waya za kebo na maboksi yake, ikaja HBO, chaneli ya kulipia, mwaka 1972, na mwaka 1975 HBO wakarusha kwa satelaiti pambano la Ali na Frazier lililopiganwa Manila. Hapo mambo yakachangamka sababu satelaiti haichagui nani ana dishi, watu wa vijijini wakafunga madishi makubwa ya futi kumi uani wakawa wanaangalia kila kitu bila kulipa hata senti.

Sasa Januari 1986 HBO wakaifunga ile siginali kwa mfumo unaitwa VideoCipher II, ukitaka kuona nunua boksi lao na lipa kila mwezi. Kwangu mimi hii ndo tarehe ya kuzaliwa kwa king'amuzi tunachokijua. Watu walikasirika, na Aprili ile ile fundi mmoja wa kituo cha kurushia satelaiti kule Florida, John MacDougall, akiwa zamu ya usiku akaifunika siginali ya HBO kwa dakika kama nne na nusu na kuweka maandishi ya kupinga bei ya dola 12.95 kwa mwezi, akajiita Captain Midnight. Alipatikana, akapigwa faini ya dola 5,000. HBO hawakurudi nyuma, na kampuni nyingine zikafuata njia hiyo hiyo.

Baada ya hapo teknolojia ikakimbia. Wazungu wa Ulaya wakaanzisha DVB, mradi wa kuweka viwango vya TV ya dijitali, mwaka 1993, Marekani DirecTV wakaja 1994 na dishi dogo la kidijitali, DStv wakaingia Afrika 1995. Ujanja mkubwa ulikuwa kubana picha, masafa yaliyokuwa yanabeba chaneli moja ya analojia yakaanza kubeba chaneli kibao. Hii sehemu sina ugomvi nayo, ni faida tupu.

Ila kaa kidogo kwenye kadi, maana hapa ndo watu wanalalamikia huduma kwa wateja bila kujua kinachoendelea. Chaneli ya kulipia inatoka kituoni imevurugwa kwa namba ya siri, na hiyo namba inabadilika kila baada ya sekunde chache, usiku na mchana. Namba inasafiri pamoja na picha ila nayo imefichwa. Boksi linaichukua linaipa kadi, kadi inaangalia kama ina ruhusa ya chaneli hiyo, kama ipo inarudisha namba ikiwa wazi na picha inatoka. Hiyo ruhusa ndo unayonunua ukilipa kwa simu. Sasa dishi la nyumbani linapokea tu, halirushi, kwa hiyo kampuni haiwezi kuongea na boksi lako wakajibizana. Wanachofanya wanatuma ujumbe angani wenye namba ya kadi yako, satelaiti inaumwaga eneo zima inalolifikia, maboksi mengine yote yanaupokea na kuupuuza, la kwako tu ndo linaushika. Kama lilikuwa limezimwa wakati ujumbe unapita basi hujaupata, unasubiri urudiwe. Ndo maana unaambiwa "washa king'amuzi, weka chaneli fulani, subiri", we unadhani wanakuzungusha kumbe ndo mtambo unavyofanya kazi. Na mtu wa DStv akiona E16 anajua ni malipo, akiona E48 anajua ni siginali, hasa masika, maana masafa ya yale madishi madogo yanasumbuliwa sana na mvua kubwa.

Turudi nyumbani. Mwaka 2006 Geneva nchi zilikubaliana kuhamia dijitali kwenye minara ya ardhini, mwisho 17 Juni 2015. Tanzania tukawahi, Dar wakazimiwa analojia 31 Desemba 2012, na zamu ya Arusha na Moshi ikawa 31 Machi 2013. Wanaokumbuka wanakumbuka, TV ilikuwa inaonyesha jana, leo haionyeshi mpaka ununue boksi. Kampuni za kurusha zilikuwa tatu, Star Media ambayo ni ubia wa StarTimes na TBC, Agape wenye Ting, na Basic Transmissions. Ahadi ilikuwa kifurushi kikiisha chaneli tano za ndani zinabaki bure, TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV.

Naomba nieleweke, kuhama analojia ilikuwa lazima na mi naunga mkono. Kosa mi naliona kwingine, kwamba kila kampuni iliachiwa ilete boksi lake linaloongea na mnara wake tu na kadi yake tu. Umenunua kwa pesa yako, lipo ndani kwako, umeme wa LUKU ni wako, lakini siku ukiachana na kampuni hilo boksi ni tofali. Nenda kwa mafundi wowote wa Mbuyuni kule Moshi au huku Ngarenaro uone marundo ya ving'amuzi vizima kabisa ambavyo havina kazi, wanang'oa adapta tu.

Na haikuwa lazima iwe hivyo. Ulaya mwaka 2002 walitoa agizo kwamba TV ya dijitali yenye skrini kuzidi sentimita 30 iwe na nafasi ya wazi nyuma ya kuchomeka moduli ya kampuni yoyote, yani unabadili kamoduli, TV inabaki ile ile. Marekani walijaribu kwa kadi ya kuchomeka, ikasuasua. Mwaka 2015 maseneta wawili, Markey na Blumenthal, walikusanya takwimu wakakuta kaya ya wastani inalipa dola 231 kwa mwaka kukodi maboksi tu, hapo bado hujalipia chaneli. Mwaka uliofuata FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, chini ya Tom Wheeler wakapendekeza mteja aruhusiwe kutumia kifaa anachotaka mwenyewe, kampuni za kebo na wenye filamu wakapiga kelele, kura ikaahirishwa Septemba 2016, uongozi mpya ulipoingia pendekezo likafa. Kwa hiyo nisimlaumu TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, peke yake, hata wakubwa wameshindwa. Lakini sisi tulikuwa tunaanza upya mwaka 2012, hatukuwa na maboksi mamilioni ya zamani ya kubembeleza, ile ilikuwa nafasi ya kusema boksi lolote litakaloingia nchini lishike minara yote. Haikusemwa.

Kenya walipigana hadharani. Februari 2015 NTV, KTN na Citizen zilitoweka hewani zaidi ya wiki mbili sababu wenye vituo hawakutaka kurushwa kupitia mitambo ya watu wengine. Waliokuwa wanacheka huku hawakuelewa ugomvi ulihusu nini, wale jamaa walishaona kwamba anayerusha na kugawa maboksi ndo atakuwa anashika mlango, na aliyetengeneza kipindi atabaki kubisha hodi. Sisi tuliyaona yetu mwaka 2018, pale chaneli za ndani za bure zilipoondolewa kwenye DStv, Azam na Zuku kwa sababu leseni zao zilikuwa za kulipia. Kisheria pengine ilikuwa sawa. Lakini bibi wa Marangu aliyewekewa dishi na mjukuu wake aliamka asubuhi hana taarifa ya habari ya ITV, na hakuna kitu kilichoharibika, dishi zima, siginali ipo, TV nzima. Kilichobadilika ni makaratasi Dar es Salaam.

Kuwa mkweli, boksi limewahi kuwa upande wa mtazamaji. TiVo ilipotoka 1999 iliweza kurekodi na kusimamisha kipindi kinachoendelea, ukienda kupakua ugali ukirudi unaendelea ulipoishia. Mwenzake ReplayTV akaongeza uwezo wa kuruka matangazo yenyewe kwa yenyewe, kampuni za filamu na televisheni zikamfungulia kesi mwaka 2001, na kampuni iliyokuwa inamiliki ikafilisika 2003. Somo ambalo watengenezaji walilipata hapo unaweza kulikisia.

Sasa hii habari ya bando kuua king'amuzi. Kwanza angalia mzunguko ulivyo mtamu: analojia ilipozimwa yalibaki masafa wazi, yale ya 700 MHz, na mwaka 2018 TCRA wakayapiga mnada, washindi Vodacom na Azam Telecom. Yani tulinunua ving'amuzi ili kuachia masafa, masafa yakawa intaneti ya simu, na intaneti ya simu ndo tunayoambiwa inaviua ving'amuzi. Na mmoja wa walionunua ni ndugu wa kampuni ya ving'amuzi. Hawa watu hawabahatishi.

Lakini nenda kibanda umiza chochote Unga Limited au Pasua siku ya Simba na Yanga utafute nani anaonyesha kwa simu. Hakuna. Mwenye kibanda anajua hesabu zake. Siginali ya satelaiti inapanda kilomita kama 36,000 na kushuka kwa robo sekunde hivi, ukiongeza muda wa kubana na kufungua picha bado ni sekunde chache. Ya intaneti inakatwakatwa vipandevipande vya sekunde kadhaa, programu inavikusanya kadhaa kwanza ndo inaanza kuonyesha, unaweza kuchelewa nusu dakika. Uko zako kwenye kochi na programu yako, mpira uko katikati ya uwanja, mtaa mzima unalipuka goooli. Kuna maumivu hapo hayaelezeki. Na kila anayeangalia kwa bando anakula data yake mwenyewe, wakati dishi moja kibandani linahudumia watu mia na haliongezi gharama.

Kwa hiyo anayeshika mpira anashika boksi. Azam walilielewa mapema kuliko wote, waliingia hewani mwishoni mwa 2013 wakiwa na Ligi Kuu mkononi, na mwaka 2021 wakasaini na TFF mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6. Hiyo haikuwa pesa ya kuonyesha mpira tu, ni pesa ya kuhakikisha dishi linaloangalia Monduli linabaki juu ya bati lako mpaka mwaka 2031. Wafaransa wa Canal+ nao walipoichukua MultiChoice, wenye DStv, mwaka 2025 hawakununua maboksi, walinunua mamilioni ya watu waliozoea kulipia.

Walioamua kukwepa wote wameenda kwenye hivi viboksi vya Android vya bei chee, unachomeka HDMI unaambiwa chaneli zote duniani bure maisha yako yote. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Juni 2025 FBI walitoa tahadhari kuhusu mtandao wanaouita BADBOX 2.0, vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na intaneti, vikiwemo hivi viboksi vya TV vya Android visivyo na jina, ambavyo vingine vinatoka kiwandani vikiwa na programu chafu tayari na vingine vinaambukizwa wakati unapakua yale madude ya kuonyesha bure. Mwezi uliofuata Google wakafungua kesi New York wakisema vimeathirika vifaa zaidi ya milioni kumi. Boksi lako linatumika kupitisha uhalifu wa watu wengine kwa intaneti yako, na we unaangalia zako tamthilia ya Kituruki huku unashangaa bando linaisha haraka. Ule mlango bado una mwenye ufunguo, tofauti ni kwamba huyu hana ofisi, hana namba ya huduma kwa wateja, na hatumi hata meseji ya kukukumbusha kifurushi.

Smati TV zenye majina ni salama zaidi, nakubali. Ila mwangalie vizuri huyu mgeni. King'amuzi cha dishi hakijui kama unaangalia au umelala, maana hakirudishi neno. Smati TV inajua ulichofungua, saa ngapi, ukaacha dakika ya ngapi, na matangazo yanakuja mpaka kwenye ukurasa wa kuwashia. King'amuzi ukikinunua kinafanya kazi ileile miaka kumi kama umeme haujakipiga. Programu za kwenye TV zina mwisho, Desemba 2019 Netflix ilikoma kufanya kazi kwenye baadhi ya Samsung za 2010 na 2011 na kwenye viboksi vya zamani vya Roku. Skrini nzima, rangi safi, programu haifunguki. Na dawa wanayopewa wenye TV kama hizo ni ipi? Nunua boksi uchomeke nyuma. Tumerudi 1962.

Mi ushauri wangu kwa anayenunua mwaka huu ni mdogo tu. Achana kwanza na "4K" iliyoandikwa kubwa, geuza TV uangalie kama imeandikwa DVB-T2 na S2, hiyo ina maana chaneli zisizofungwa inashika yenyewe kwa antena au dishi bila boksi la mtu. Alafu muulize muuzaji mfumo wake ni wa nani na utaendelea kupata apdeti mpaka lini. Akikujibu "hiyo usijali bosi", punguza bei hapo hapo.